Nyuki Ana Thamani Mara Mbili ya Elki

Ziweke sarafu mbili za Norway juu ya kitambaa cheusi, uwashe taa kwa pembeni. Ya kushoto ni ya øre 5 (øre 100 ni krone 1, fedha ya Norway): bronzi, kipenyo milimita 27, uzito gramu 8. Juu yake amesimama elki, yule mnyama mkubwa wa misitu ya kaskazini mwenye pembe pana kama viganja. Ya kulia ni ya øre 10: shaba-nikeli, milimita 15, gramu 1.5, ndogo kiasi kwamba ikidondoka zuliani utaitafuta kwa kupapasa. Juu yake kuna nyuki.

Nyuki ananunua mara mbili ya elki.

Hizi ni sarafu za tumbo moja. Zilitoka katika mfululizo uliopigwa kuanzia 1958 hadi 1973, pamoja na kindi wa øre 1, ndege wa porini wa øre 2, kindege mdogo wa øre 25, mbwa wa øre 50 na farasi wa krone 1. Ukiupitia mstari huo harakaharaka, unaona ngazi: kindi chini, farasi juu. Kisha macho yanarudi kwa elki na nyuki, na ngazi inakatika katikati.

Kwa nini nyuki ampite elki? Swali hilo limenisumbua kwa wiki kadhaa sasa, maana linagusa jambo ambalo sisi wakusanyaji wa sarafu za wanyama hulifanya bila kulifikiria. Tunapanga tembo na tembo, simba na simba, samaki na samaki, utadhani albamu ni bustani ya wanyama. Lakini aliyekuwa anabuni mfululizo mzima alikuwa na wanyama sita au saba na viti sita au saba, na viti havikuwa sawa. Nani akae wapi?

Ukishawatawanya wanyama hao kurasa mbalimbali za albamu, swali hilo huwezi tena kuliuliza.

## Ngazi

Jibu la kwanza linalokuja kichwani ni la ukubwa. Eritrea, 1997: senti 1 ina swala, na ukipanda hadi senti 100 unamkuta tembo. Papua New Guinea, 1975: kipepeo yuko kwenye toea 1, mamba wawili wako kwenye kina 1 (toea 100), sarafu kubwa yenye tundu katikati. Kanada ilimweka ndege wa majini aitwaye luni kwenye dola 1 mwaka 1987, na ilipotoa sarafu ya dola 2 mwaka 1996, akaja dubu mweupe. Afrika Kusini ilipobadilisha sarafu zake mwaka 2023, nyuki alipewa senti 10 na nyangumi akapewa randi 5.

Wadudu na ndege ni chenji, wanyama wakubwa ndio pesa. Inapendeza kuamini hivyo, na mtu anaweza kuishi miaka mingi na imani hiyo kama hatazami vizuri.

Tatizo ni Eritrea yenyewe. Kati ya swala na tembo kuna chui kwenye senti 5 na mbuni kwenye senti 10. Chui yuko chini ya mbuni. Kenya, 2018: kifaru kwenye shilingi 5, chini ya simba wa 10, tembo kwenye 20, na mnyama mrefu kuliko wote duniani, twiga, ndiye aliyepewa shilingi 1. Tanzania, kuanzia 1966: sulisuli kwenye senti 5, mbuni kwenye senti 20, na juu yake, kwenye senti 50, sungura. Aliyelelewa na hadithi za sungura hatashangaa sana kumkuta amewapita wakubwa tena, ila kwa nadharia ya ukubwa huo ni msiba.

Halafu kuna Liberia. Mwaka 1937 tembo aliwekwa kwenye nusu senti, senti 1 na senti 2. Sarafu tatu za chini kabisa, tembo tupu.

## Iceland inamaliza ubishi

Kama bado unaing'ang'ania ngazi ya ukubwa, pata sarafu za Iceland zilizoanza na marekebisho ya fedha ya 1981. Ni mfululizo ninaoupendekeza kwa yeyote anayeanza, kwa sababu wote ni viumbe wa baharini na sarafu nyingi kati ya hizo hazina gharama kubwa. Aurar 100 ni króna 1, na krónur ni wingi wa króna. Taa kwenye aurar 5, ngisi kwenye aurar 10, kamba kwenye aurar 50. Chewa wa kaskazini, yaani kodi, yuko kwenye króna 1. Pomboo wawili kwenye krónur 5. Samaki wadogo waitwao kapelini kwenye krónur 10. Baadaye wakaongezwa kaa wa krónur 50 (1987) na samaki mnene mwenye vinundu wa krónur 100 (1995).

Kapelini ni samaki wa kulingana na kiganja. Thamani yake hapo ni mara mbili ya pomboo wawili, na sarafu yake ya milimita 27.5 ndiyo pana kuliko zote katika mfululizo, pana hata kuliko ya krónur 100.

Na kodi? Huyo ndiye samaki aliyeifanya Iceland igombane na Uingereza kwa vipindi kati ya 1958 na 1976, meli za doria zikikata nyavu za wavuvi wa Kiingereza baharini. Samaki aliyekaribia kuleta vita amewekwa kwenye króna 1. Kwa mtazamo mmoja ni dharau. Kwa mtazamo mwingine, króna 1 ndiyo sarafu yenye jina la fedha yenyewe, na mtu wa kukaa hapo ni yule aliyeilisha nchi. Mimi naegemea huo wa pili. Cheo katika sarafu hakiko juu tu; kipo pia kwenye namba moja. Ukikubali hilo, hata twiga wa Kenya hahitaji kuonewa huruma.

## Chukua kalipa

Jibu la pili lilinijia kutoka kwenye vipimo vya kalipa, chombo cha kupimia kipenyo, na kwa muda nilidhani limemaliza kila kitu.

Tazama Ireland, 1928. Kamati iliyoongozwa na mshairi W. B. Yeats ilichagua michoro ya Percy Metcalfe, wanyama wanane kwa sarafu nane. Kwa utaratibu wa thamani wako hivi: wudikoki (ndege wa vichakani mwenye mdomo mrefu) kwenye farthing, yaani robo peni, nguruwe na watoto wake kwenye nusu peni, kuku na vifaranga kwenye peni, sungura kwenye peni 3, mbwa mkubwa wa kuwindia mbwamwitu kwenye peni 6, fahali kwenye shilingi (peni 12), samoni kwenye florini (shilingi 2), farasi kwenye nusu krauni (shilingi 2 na nusu).

Sasa zipime. Farthing ina takriban milimita 20, nusu peni 25.5, peni 30.9. Hapo bronzi inaisha. Nikeli inaanza upya kutoka chini: peni 3 ina 17.6 na peni 6 ina 20.8. Kisha fedha yenye asilimia 75 ya fedha halisi: shilingi 23.6, florini 28.5, nusu krauni 32.3.

Kuku ana duara la karibu milimita 31. Mbwa wa kuua mbwamwitu ana 21.

Kwa hiyo ngazi hazikuwa moja. Zilikuwa mbili au tatu, kila madini na ngazi yake. Bronzi ilikuwa ya bei nafuu, hivyo sarafu za chini zilipewa miili mikubwa; madini ya juu yalianza na miili midogo. Vipimo vya bronzi na fedha vya Ireland vilifuata vile vya Uingereza, maana sarafu za nchi hizo mbili zilikuwa zikipita mikononi pamoja. Metcalfe hakuchagua duara. Alikuta maduara yamekwisha kukatwa, akaambiwa awajaze wanyama.

Rudi sasa Norway. Elki yuko juu ya ngazi ya bronzi: øre 1 ni gramu 2, øre 2 ni gramu 4, øre 5 ni gramu 8. Nyuki yuko chini kabisa ya ngazi ya shaba-nikeli. Katika ngazi yake, elki ni mfalme. Nyuki ni mdogo wa mwisho katika ngazi nyingine, na hapo hapo ndipo mdudu mmoja anapoweza kujaa duara la milimita 15 na bado mishipa ya mabawa ikaonekana. Jaribu kumwingiza elki mzima humo, na pembe zake zote. Utapata kitu kinachofanana na mbuzi aliyebeba kiti.

Kanada ilifanya hivyohivyo mwaka 1967 kwa michoro ya Alex Colville, iliyotolewa kwa mwaka huo mmoja tu: sungura kwenye senti 5 yenye milimita 21, na makreli, samaki mwembamba, kwenye senti 10 yenye milimita 18. Samaki mwembamba anakubali kubanwa, sungura anayekimbia anahitaji nafasi.

## Duara lina sheria zake

Ukishaanza kutazama hivi, unaacha kuuliza mnyama gani ana heshima na kuanza kuuliza mnyama gani anaingia. Bisoni anaingia vizuri kupita wote: nundu yake inafuata mviringo wa juu na miguu yake mifupi inakaa kwenye mstari wa ardhi. Ndiyo maana ile nikeli ya senti 5 ya Marekani, ya James Earle Fraser, iliyopigwa 1913 hadi 1938, inaonekana imejaa hadi ukingoni.

Lakini kujaa kuna gharama yake. Mwili mnene unaoinuka juu ya uso wa sarafu ndio unaoguswa kwanza, na ndio unaosagika kwanza. Vilevile, mhuri wa upande mmoja na wa upande wa pili hugawana madini yaleyale kwa pigo moja. Kichwa kikubwa kikiwa nyuma ya kiwiliwili kikubwa, madini huenda yasitoshe kujaza pande zote mbili, na sehemu ya juu ya mnyama hutoka butu tangu siku ya kwanza.

Hapa wengi hudanganyika wanaponunua. Ubutu wa kupigwa vibaya na ubutu wa kusagika havina bei moja. Njia ya kuvitofautisha ni kuizungusha sarafu polepole chini ya taa moja. Sehemu iliyopigwa hafifu bado ina mng'ao unaotembea kama sehemu nyingine, na mara nyingi vijikwaruzo vidogo vya kipande kabla hakijapigwa vinaonekana. Sehemu iliyosagika imelala, laini, na rangi yake imepishana na ya uwanja unaoizunguka. Kwa bisoni, tazama pembe. Nikeli nyingi za miaka ya 1920 kutoka viwanda vya sarafu vya Denver na San Francisco zilitoka zikiwa hafifu, kwa hiyo pembe pekee haitoshi kuihukumu sarafu.

Sarafu hiyo ina ugonjwa mwingine. Mwaka umeandikwa mahali palipoinuka, begani mwa Mhindi Mwekundu wa upande wa pili, ukafutika kwenye mamilioni ya sarafu. Maandishi ya thamani chini ya bisoni nayo yalikuwa juu ya kilima, lakini hayo yalirekebishwa mwaka huohuo wa 1913 kwa kuyashusha ndani ya mstari. Mwaka haukupata bahati hiyo. Wapo wanaodondoshea feriki kloridi ili namba zirudi, na kweli zinarudi, pamoja na doa lisilotoka tena. Sarafu ya namna hiyo inafaa kujaza nafasi tu. Usiilipie zaidi ya hapo.

Na yule bisoni wa miguu mitatu wa 1937, wa Denver? Fundi alisugua mhuri kupita kiasi, mguu wa mbele ukatoweka. Waghushi husugua mguu kwenye sarafu ya kawaida. Ile ya kweli ina mstari wa vidoto vilivyoinuka kutoka chini ya tumbo kuelekea ardhini, alama ya mhuri wenyewe, ambayo huwezi kuitengeneza kwa kusugua. Kama hakuna vidoto, weka pochi mfukoni.

## Wudikoki apanda cheo

Nilidhani hapo nimefika. Madini yanaamua ngazi, duara linaamua umbo, basi.

Kisha Ireland ikahamia fedha ya desimali, pauni moja ikiwa peni 100 mpya.

Mwaka 1969 fahali alihamishiwa peni 5 mpya na samoni peni 10 mpya, kwa sababu shilingi na florini zilikuwa na thamani hiyohiyo na mwili uleule. Hakuna ajabu. Mwaka 1970 ikahitajika picha ya peni 50, sarafu mpya ya pembe saba yenye milimita 30, iliyokuwa ya juu kuliko zote. Akachukuliwa wudikoki, yule wa farthing.

Farthing ilikuwa sehemu 1 kati ya 960 za pauni. Peni 50 ni nusu pauni. Ndege yuleyule, mchoro uleule wa Metcalfe, alipanda thamani mara 480 kwa hatua moja. Mwaka 1986 farasi alirudi kwenye peni 20, chini ya ndege aliyekuwa mdogo wake wa mwisho. Kuku, nguruwe, sungura na mbwa hawakurudi.

Hapo nadharia ya vipimo nayo inanyamaza. Ndege anayeruka na mabawa wazi anajaa vizuri kwenye pembe saba, nakubali, lakini hata samoni angejaa. Mtu fulani mezani aliona ni sawa ndege wa kiti cha mwisho akae kiti cha juu, wala watumiaji hawakukataa. Kwa hiyo cheo hakikuwa cha mnyama hata siku moja. Kilikuwa cha kiti.

Wakati mwingine hata bahati inaingia. Luni wa Kanada niliyemtaja hakuwa chaguo la kwanza. Dola ile ilikusudiwa kuendeleza mchoro wa zamani wa mtumbwi na wasafiri wake, lakini mihuri ilipotea njiani kutoka Ottawa kwenda Winnipeg mwezi Novemba 1986, na kwa hofu ya kughushiwa mchoro ukabadilishwa. Leo Wakanada huiita dola yao kwa jina la ndege huyo.

## Mashomoro wawili

Mfano mmoja tu unaokwenda kinyume, nao ni mzuri mno kuuacha.

Farthing ya Afrika Kusini, kuanzia 1923, ina shomoro wawili kwenye tawi. Ilipokuja desimali mwaka 1961 walihamia nusu senti, kisha kuanzia 1965 wakakaa kwenye senti 1, na hata senti ilipofanywa ndogo na ya chuma kilichopakwa shaba mwaka 1990, waliendelea kuwapo. Msomaji wa Injili ya Mathayo anawajua: ndio wale mashomoro wawili wanaouzwa kwa senti moja.

Hapa thamani ndiyo iliyomwita mnyama. Ukimhamisha shomoro kwenda randi 5 unaharibu kila kitu. Wudikoki anaweza kupaa mara 480 bila kupoteza kitu, shomoro hawezi.

Ndiyo maana senti ile, isiyonunua chochote, naipa nafasi ya kwanza kwenye ukurasa wa Afrika Kusini. Angalizo moja: zile za 1990 na baadaye zina chuma ndani. Kutu huanza mahali tabaka la shaba lilipochakaa au kukwaruzwa, mara nyingi ukingoni, kisha huingia chini ya tabaka na kuliinua kama lengelenge. Ukiona kidoto cha rangi ya chungwa kwenye ukingo, tafuta nyingine.

## Sarafu zisizo na ngazi

Somalia ilitoa mwaka 2000 sarafu kumi na mbili za wanyama wa kalenda ya Kichina, zote za shilingi 10. Panya na joka wana thamani moja. Haziko kwenye ngazi yoyote kwa sababu hazikutengenezwa ili mtu arudishiwe chenji. Sizidharau, ila swali la øre 5 na øre 10 haliwezi hata kuulizwa juu yake.

Sarafu za uhifadhi wa wanyamapori zilizoanza 1974 ziko katikati. Seti ya Tanzania ina twiga wa shilingi 25, kifaru wa shilingi 50, na duma wa shilingi 1,500. Mtu asiyejua atafikiri duma amependelewa. Twiga na kifaru ni wa fedha, duma ni wa dhahabu. Ngazi ni ileile ya madini, imenyooshwa tu hadi mwisho.

Panda wa China ndiye anayeleta hasara kubwa kwa wanaoanza, kwa sababu wa bandia ni wengi. Mchoro hubadilika kila mwaka, isipokuwa 2002 uliorudia wa 2001, hivyo kwanza linganisha mchoro na mwaka. Pili, uzito: panda wa fedha wa kawaida alikuwa wa aunsi moja, gramu 31.1, kuanzia 1989 hadi 2015. Kuanzia 2016 ni gramu 30 kamili. Panda wa 2017 mwenye gramu 31.1 ni mwongo.

Uzito ukikubali, pima ujazo. Weka glasi ya maji kwenye mizani inayosoma hadi gramu 0.01, irudishe mizani kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa chini wala ubavu wa glasi, na gongagonga uzi ili mapovu yaachie. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Fedha safi inakupa karibu 10.49, yaani gramu 31.1 isome kama 2.96 majini. Shaba-nikeli iliyopakwa fedha itasoma karibu 3.5. Mapovu huongeza namba na kumfanya hata panda wa kweli aonekane bandia, kwa hiyo rudia mara tatu kabla ya kulaumu muuzaji. Ukimaliza, kausha kwa kugusisha kitambaa laini. Usisugue.

## Kupanga upya

Baada ya haya yote, albamu ya tembo na tembo haina tena maana kwangu. Ukurasa mmoja, mfululizo mmoja, kutoka thamani ya chini hadi ya juu. Hapo elki na nyuki wanakaa jirani, na ubishi wao unaonekana.

Gharama ya mpango huu ni kwamba madini yanachanganyika. Mpangilio wa zamani ungeweza kuwaweka wanyama wa fedha peke yao. Sasa fedha, bronzi, chuma na alumini vinalala ukurasa mmoja. Jambo la kwanza ni kufukuza plastiki laini ya PVC. Ikiwa mfuko unanuka kama pazia jipya la bafu na unakunjika kama ngozi, ni huo. Ukikaa muda mrefu hutoa utando wa kijani unaonata, hasa kwenye shaba na shaba-nikeli. Tumia kadi zenye dirisha la mailari, plastiki angavu isiyo na PVC.

Kadi huuzwa kwa vipenyo: milimita 17.5, 20, 22.5, 25, 27.5, 30, 32.5, 35 na kuendelea. Kosa la kawaida ni kuchagua dirisha linalotosha kwa kubana. Elki wa 27 anakaa vizuri kwenye 27.5. Farasi wa Ireland mwenye 32.3 anaonekana atatosha kwenye 32.5, lakini ukipiga pini za stepla karatasi inavutika na ukingo unashikwa, mpe 35. Kila pini ilazwe kwa koleo pande zote mbili. Pini iliyoinuka kwenye kadi moja ndiyo inayochora mstari kwenye uso wa sarafu ya ukurasa unaofuata.

Utando wa kijani ukishaingia, tumia asetoni safi, si ile ya kuondolea rangi ya kucha yenye manukato na mafuta. Bakuli la kioo, dirisha wazi, mbali na moto. Zamisha dakika 10 hadi 15, mwaga, weka asetoni mpya, suuza mara moja tena, kisha acha ikauke yenyewe juu ya karatasi laini. Asetoni haigusi madini, ila inayeyusha rangi, kwa hiyo sarafu zile za wanyama waliopakwa rangi zisikaribie bakuli hilo. Kama kijani kimekwisha kula uso, vishimo vitabaki.

Kwenye kibandiko andika nchi, thamani, mwaka, madini, kipenyo na jina la mnyama. Kroatia inakusaidia na hilo la mwisho: sarafu za kuna (fedha ya Kroatia hadi mwisho wa 2022) za miaka witiri zina jina la mnyama kwa Kikroatia, za miaka shufwa kwa Kilatini, hivyo ndege wa kuna 1 ni *slavuj* mwaka mmoja na *Luscinia megarhynchos* mwaka unaofuata. Ukitaka seti kamili unahitaji ndege wawili walio ndege mmoja. Na mnyama aitwaye kuna mwenyewe, yule wa jamii ya cheche ambaye ngozi zake zamani zilitumika kulipia kodi na kuipa fedha jina, amekaa upande wa pili, nyuma ya namba.

## Visiwa vya Falkland

Mfululizo wa mwisho uko mezani bado haujaingia kwenye kadi. Pengwini wako kwenye peni 1. Peni 50, iliyotolewa 1980, ina warrah, mnyama wa jamii ya mbwa aliyeishi katika visiwa hivyo peke yake. Charles Darwin alimwona alipopita huko miaka ya 1830, akaandika kwamba hatadumu. Wafugaji walimtegea sumu wakimhesabu kuwa adui wa kondoo, na kufikia 1876 alikuwa ametoweka.

Mwaka 1982 ikaongezwa sarafu ya peni 20, na akatafutwa mnyama wa kukaa nafasi hiyo, moja kwa moja chini ya warrah.

Wakamweka kondoo.

Zote mbili zina pembe saba. Ya kondoo ina milimita 21.4, inaingia kwenye dirisha la 22.5. Ya warrah ina 30, ipe 32.5.